Pesa Ambayo Serikali Haiwezi Kuifunga

Wiki hii msomaji mmoja wa mtaa wa Panzi ameniandikia kwamba mimi ni mwizi mwenye kalamu nzuri. Nilitafuta kosa katika sentensi yake ili nipate cha kumjibu. Sikuliona.

Kwa wale wanaonikuta leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Olive. Miaka tisa nilikaa nyuma ya kioo cha benki hapa hapa Bukavu, nikihesabu dola za watu. Vita ikaingia mjini, amri ikatoka Kinshasa, benki zikafungwa, nami nikabaki na sketi tatu za kazi na kodi ya nyumba ya mtaa wa Muhumba. Mume wangu Lucien alikwenda Kalemie kutafuta kazi. Salamu anatuma, pesa hatumi.

Niliwaeleza pia habari za kikundi cha akiba cha mamans, akina mama wa shirika letu la kanisa kule Kadutu. Wanawake ishirini na wawili. Kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja alitia alichonacho katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu kwa wanawake watatu, na hakuna awezaye kufungua bila wenzake. Mara moja kwa mwaka sanduku linafunguliwa na kila mtu anachukua fungu lake. Siku hiyo wanaiita partage.

Waporaji walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, mamans waliliogopea sanduku. Ndipo mimi, katika sketi yangu ya benki, niliposimama mbele yao nikawaambia kuna pesa ya ndani ya simu, inaitwa USDT, dola yake ni dola kamili, na hakuna serikali duniani inayoweza kuifunga. Wala ya Kinshasa, wala ya hawa wenye bunduki tulio nao mjini.

Valérie, katibu wao, mwalimu wa shule ya msingi, aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Kama serikali haiwezi kuifunga, siku itajifunga yenyewe tutaenda kumulilia nani?"

Nilimcheka. Nilimcheka mbele ya watu wote, na leo kila nikikumbuka kicheko kile nataka kujificha chini ya kitanda.

Walikubali kwa sharti moja. Katika kikundi chao, asiye mwanachama hagusi sanduku mpaka mwanachama asimame kwa ajili yake. Aliyesimama ni Maman Colombe, marraine wangu, mama yangu wa ubatizo, aliyenilipia shule ya sekondari kwa kuuza samaki wadogo wa sambaza katika soko la Kadutu. "Huyu ni mutoto wangu," alisema. "Miye njo ninamusimamia."

Dola elfu nne mia nane na sitini zikaingia simu yangu. Pamoja nazo yakaja maneno kumi na mawili, ambayo ndiyo hufungua ile pesa katika simu nyingine kama ya kwanza imepotea. Mamans waliyagawana kama walivyogawana funguo: manne kwa Maman Agathe, mwenyekiti, manne kwa Valérie, manne kwa Maman Rosette. Mimi nilibaki na simu tu.

Mwezi wa tatu nilitoa mia sita. Nililipa kodi ya miezi mitatu ili majirani wa Muhumba wasione vitanda vyangu barabarani. Moyoni niliita mkopo. Partage ilipokaribia nikasema simu imenyakuliwa nikiwa juu ya moto, pikipiki ya abiria. Uongo. Simu ilikuwa nyumbani, imezimwa, ndani ya ndoo ya unga wa muhogo.

Na nilijiona salama, kwa sababu Maman Rosette alikuwa Sange, njia imefungwa na réseau ya simu imekatika. Bila maneno yake manne hakuna kinachofunguka. Nitasema na hili, maana nimeahidi kusema yote: niliomba Mungu asipatikane.

Wakati huo shingo ya Maman Colombe ilikuwa inavimba. Daktari wa kumpasua alikuwa anafika mjini siku moja tu, Alhamisi baada ya partage, na hospitali ilitaka dola mia sita mkononi kabla ya kisu. Fungu la Maman Colombe katika partage lilikuwa mia sita na arobaini. Hakuwa na pesa nyingine.

Nilipowaacha wiki iliyopita, ilikuwa Jumamosi asubuhi na ujumbe wa Maman Agathe ulikuwa umeingia: "Rosette amepatikana ku simu. Kesho tunafungua. Kuya na kichwa yako tu, simu iko."

*

Nilifanya kile ambacho mwoga yeyote angefanya. Nilifunga televisheni yangu katika shuka, nikaita moto, nikaenda kwa Bruno.

Bruno ndiye aliyetuuzia ile USDT. Ana meza, mwavuli na simu nne kule Nguba. Aliniona nashuka na televisheni mgongoni akaanza kucheka kabla sijafika.

"Madame wa benki! Unahama?"

"Bruno, nikopeshe mia sita ndani ya simu. Shika televisheni mpaka nikulipe."

"Televisheni si dola, Olive."

"Ni inchi hamsini."

"Ata ingekuwa mia. Batu banakuja kwangu kutafuta makaratasi, dola ya mukononi. Nani atanipokelea televisheni ku marché ya Kamembe, ngambo ya Rwanda?"

Nilimsihi. Nilitaja watoto wangu, nikamtaja na marehemu mama yake. Alinisikiliza akifuta vumbi kwenye simu zake moja moja.

"Sikia, nikuambie kama ndugu," alisema mwishoni. "Hiyo mia sita ya mwezi wa tatu, miye njo nilikubadilishia. Nilifikiri ni yako. Kumbe ni ya banamama?"

Nilikaza fundo la shuka. Alitingisha kichwa.

"Basi ata nikikukopesha, haitasaidia. Itaonekana ilitoka siku gani na saa gani, na ikarudi siku gani. Ile kitabu ya USDT haifutikake. Hakuna serikali inaweza kuifuta."

Maneno yale niliyatambua. Ni mimi niliyewahubiria mamans, nikiwa nimesimama kama padri wa Pasaka, kwamba kila dola itaandikwa na hakuna mkubwa atakayefuta. Sikufikiri kwamba nami nitaandikwa.

"Na kesho bakitaka kutoa," Bruno aliendelea, "bajue mapema. Nakata kumi juu ya mia."

"Kumi! Si ulisema mbili?"

"Wakati ule kulikuwa karatasi mu mji. Sasa karatasi iko wapi? Benki imefungwa, kila mutu anakuja na simu imejaa na mufuko mutupu. Miye dola ninaitafuta ngambo. Na karatasi isikuwe na kitundu, bakiona kitundu bataikatala."

Basi hiyo ndiyo pesa isiyofungwa. Ilitoka katika mikono ya serikali, ikashuka mlima, ikafika kwenye meza ya Bruno, na hapo ikapanga foleni kusubiri karatasi. Mamans nilikuwa sijawaambia lolote juu ya meza hii. Nilirudi nyumbani na televisheni yangu, na mwenye moto akanitoza kwenda na kurudi.

*

Jumapili baada ya misa nilipanda Kadutu kwa miguu. Ningeweza kupanda moto. Nilitaka tu nichelewe.

Ua wa Maman Agathe ulikuwa umejaa. Mamans wamekaa kwenye mabenchi na vitabu vyao vya akiba mapajani, wengine na mifuko, maana siku ya partage mtu anapitia sokoni moja kwa moja. Nje ya ua wa mabati walikaa vijana wa mtaa, kama kawaida yao, wakicheza dama kwa vizibo.

Maman Colombe alikuwa amefunga kitambaa shingoni. Alikuwa anakunywa uji kwa kijiko cha chai, na kila kijiko alikimeza kwa kufunga macho. Pembeni yake kulikuwa na beseni jipya lenye pagne mbili za kitenge na sabuni. Alikuwa amekwisha kujipanga kwa hospitali.

"Olive, mutoto wangu," alisema. "Ulikula?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nilisema nimekula. Nao ulikuwa uongo.

Maman Agathe aliweka kasimu kake ka vibonyezo mezani, sauti wazi, na Maman Rosette akiwa upande wa pili, Sange, akikohoa na kusalimia kila mtu kwa jina. Valérie akatoa simu yake ya kioo, ile tutakayofungulia. Akaitazama, akanitazama mimi, akanipa.

"Sasa," akasema Maman Agathe, "kila mwenye maneno anamuambia Olive mu sikio. Sisi bengine tunaimba kwa nguvu, ju mutu asisikie ya mwenzake. Sheria ni sheria. Funguo haionyeshwake."

Basi wakaimba wimbo wa Bikira Maria, wanawake ishirini, kwa sauti ya kuangusha mabati. Maman Agathe akaniinamia, akafungua karatasi aliyokuwa ameikunja ndani ya kifuko cha rozari, akaninong'onezea. Akaja Valérie, akaninong'onezea. Nikachukua kasimu, nikakabana sikioni, Maman Rosette akanitajia yake herufi moja moja kwa Kifaransa, kama mtu anayesoma imla.

Fikirini. Mwaka mzima walifichana maneno wao kwa wao, wanawake waliozikiana watoto, halafu wakayaleta yote kumi na mawili katika sikio la mwizi. Na waliniimbia.

Machozi yalinitoka. Maman mmoja akadhani ni wimbo, akaongeza sauti.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijamwambia hata padri. Neno la mwisho nililikosea makusudi. Herufi moja tu. Simu ikakataa.

"Imekatala," nilisema.

"Ya nini?" akauliza Maman Agathe.

"Haifunguke. Labda neno moja si lenyewe."

Wimbo ukafa. Mamans wakatazamana. Maman Agathe akafikiri kidogo, halafu uso wake ukafunguka.

"Si tuvunje tu? Mwaka ule Rosette alipoteza funguo ku ndoa ya Bulonza, tulivunja kufuli mbele ya bote, tukanunua ingine. Leteni nyundo!"

Na nyundo ikaletwa, nawaapia. Maman mmoja alitoka nayo jikoni, akaiweka mezani karibu na simu ya Valérie.

"Maman," nilisema, "hii haina kufuli ya kuvunja."

"Kila kitu iko na kufuli ya kuvunja."

"Hii haina."

"Basi tumuite mwenye kuitengeneza."

"Haina mwenyewe. Hakuna bureau. Hakuna mtu wa kushitakia."

Valérie neno lake alikuwa amekwisha kulisema mwaka jana.

Maman Colombe akaweka kijiko chini. Akagusa kitambaa cha shingo, akatazama beseni lake, akalisukuma chini ya benchi kwa mguu, taratibu, kama mtu anayeficha kitu alichonunua kwa haraka.

"Siku ya ine, ile Alhamisi ya munganga, itanipita basi," alisema. "Si kitu. Mungu ataleta munganga mwingine."

Hakulia. Angelia, labda ningeweza kuendelea na ubaya wangu. Lakini kile kitendo cha kusukuma beseni kilinishinda.

"Ngojeni," nilisema. "Nijaribu tena."

Nikaandika tena, sawasawa. Pesa ikafunguka.

*

Vigelegele! Mamans waliruka. Maman Agathe alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Maman Rosette alisikika kutoka Sange akipiga kelele ya furaha. Maman Colombe alivuta beseni lake kutoka chini ya benchi.

Ni Valérie tu aliyeichukua simu yake akasoma.

"Elfu ine mia mbili na makumi sita," alisema.

"Elfu ine mia nane," Maman Agathe akamsahihisha, bado anacheza.

"Hapana, Maman. Mia mbili. Inapunguka mia sita." Akasogeza kidole kwenye kioo. "Imeandikwa hapa. Ilitoka tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu. Na simu ya Olive iliibiwa mwezi wa tano."

Hata vijana wa nje waliacha kugonga vizibo.

Nilikuwa nimeipanga hotuba. Usiku mzima niliifanyia mazoezi: nilikosea, nitarudisha, nisameheni. Badala ya kuisema nilitazama nyundo. Nyuma kabisa sauti moja ikasema neno ambalo katika Kadutu ya leo halisemwi kwa mchezo.

"Mwizi."

Nje ya ua kijana mmoja akasimama. Akachungulia juu ya mabati. Mwingine akauliza, "Mwizi ni nani?" Mnajua mambo yanavyokwenda siku hizi. Hakuna polisi wa kumpelekea mtu, na matairi ya kumchomea hayakosekani. Nikakaa chini bila kuona ninapokaa.

"Mutulie!"

Ni Maman Colombe. Alisimama akishika benchi, na kwa ile shingo kila neno lilimgharimu.

"Hakuna mwizi hapa. Ni miye. Miye njo nilimuomba Olive hiyo mia sita, kwa siri, ju ya dawa. Nilimukatalisha asiseme. Niliogopa mutanicheka."

"Weye?" akauliza Maman Agathe.

"Miye."

"Colombe, weye mwenye kutufundisha sheria?"

"Nilikosea. Muandike ni deni yangu, tumalize."

Kijana wa nje akakaa. Vizibo vikaanza tena kugonga. Nami nilijua sasa hivi ndiyo saa ya kusema, na kila pumzi niliyovuta bila kusema ilikuwa wizi mwingine.

Maman Agathe alifungua daftari kwa huzuni. "Deni inatoka ku fungu. Sheria ni sheria. Mia sita na makumi ine, kutoa mia sita. Unabakia na makumi ine, ndugu yangu."

Dola arobaini. Na Bruno bado hajakata zake. Maman Colombe akakubali kwa kichwa. Akalisukuma tena beseni chini ya benchi.

"Olive," akasema Maman Agathe, "weye ni mutu wa benki. Weka sinyatire hapa kama shahidi, kwamba alikuomba na ulimupa."

Akaninyooshea kalamu.

Maman Colombe hakunitazama. Aliweka tu mkono wake begani kwangu, akanibana kidogo, vile alivyokuwa akinibana nikiwa mdogo kanisani ili ninyamaze.

Nikatia saini. Saini nzuri, yenye mkia, ile ya miaka tisa.

Wino haujakauka, kasimu kale mezani kakakohoa. Hakuna aliyekuwa amekakata.

"Allô? Agathe?" Maman Rosette alikuwa bado yupo. "Nimesikia bote. Valérie amesema tarehe gani?"

"Kumi na ine, mwezi wa tatu."

"Hapana. Haiwezekane. Siku ile tulizika muzee wangu, na Colombe alikuwa huku kwangu Sange. Alilala ku matanga siku nane, kabla njia haijafungwa. Réseau haikukuwa ata kidogo. Hiyo mukopo aliiomba na simu gani?"

Nami nilijua. Katika ua ule mzima mimi na Maman Colombe tu ndio tuliojua. Tarehe ile nilikuwa nimeichagua kwa sababu yeye hakuwepo mjini, maana mbele ya macho yake nisingeweza.

Maman Agathe alifunga daftari. Hakunigeukia mimi. Alichukua rozari yake, akaiweka juu ya meza mbele ya marraine wangu.

"Colombe. Shika hii. Apa mbele ya Mungu kama ni weye ulikula hiyo pesa."

Mamans wote wakasimama. Vizibo vya nje vikanyamaza kwa mara ya pili.

Maman Colombe akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mkono kuishika.